Boga kwenye kiti cha dereva

Alhamisi jioni, Majengo. Mvua imekatika tangu saa kumi. Mimi bado sijatulia.

Leo tumejaribu ukuta wa ile kona ya mteremko kwenye barabara ya Sake, mbele ya Mugunga, ambapo magari huteleza na kutumbukia bondeni. Mimi ndiye niliyeuchora. Nilichora reli za chuma, zipinde kidogo gari likizigonga, kisha zilirudishe barabarani. Muzee, mkuu wetu wa kazi, akasema chuma ni cha kungoja na mawe ya volkeno yamejaa hadi mlangoni. Tukajenga kwa mawe na saruji.

Sikubisha.

Tulichukua pikapu kuukuu isiyo na injini, tukaipakia mifuko ya mchanga. Kwenye kiti cha dereva nilifunga boga kubwa kwa mkanda. Tulilicheka sana, tukaliita Papa Shofea, dereva wetu. Kisha tukaliachia gari literemke.

Liligonga, likasimama palepale. Ukuta haukupata hata ufa. Watu wakapiga makofi, na Muzee akanigonga begani: "Unaona, Mama Kavira? Ukuta haikutikisika hata kidogo! Kesho asubuhi unasaini rapport ya jaribio."

Mimi nilikuwa nachungulia ndani. Pua ya gari ilikuwa imekunjamana yote, usukani umesukumwa hadi kitini, na boga limepasuka vipande viwili.

Nilifungua mkanda, nikavitoa vipande bila kumwonyesha Muzee. Mbaya zaidi, mpishi wetu alilichemsha pamoja na maharagi, tukala sote. Nami nilikula, tena lilikuwa tamu. Naona aibu kuandika hivyo.

Nyumbani nimemkuta mdogo wangu Kambale, anayeleta kabichi kutoka Sake kila siku kwa pikapu yake. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Yaya, dada yangu, sasa ile kona sitaiogopa tena. Mutu akiteleza, ukuta yenu itamukamata."

Nikamwongezea chai. Sikuweza kumtazama usoni.

Majuto ni mjukuu, lakini ya kwangu yamewahi, na nashukuru yamewahi. Ripoti iko hapa mezani. Ina mstari wa hali ya ukuta. Wa dereva haumo. Nimeuongeza mwenyewe kwa rula, chini kabisa, nikaandika: Boga limepasuka. Muzee atafoka, pengine atanitoa kazini. Naogopa, sifichi. Lakini nitasaini ikiwa na mstari huo, au sisaini.

Na alfajiri, kabla Kambale hajawasha gari, nitamwambia ile kona aendelee kuiogopa.