Kupanda kwa Vumbi

Jumatatu, 1 Oktoba 1984

Kozi imeanza leo kanisani. Tuko kumi na wanane, wanaume ni wawili tu. Nilikaa karibu na mlango, Kaluki mgongoni, ili akilia nitoke. Hakulia. Miezi saba na tayari yuko kwa kozi!

Mwalimu ni bwana Nzomo, ofisa wa kilimo. Mtu mrefu, suruali ina vumbi kama nguo zetu. Ametupa kila mmoja daftari na penseli tuandike masomo. Masomo nitaandika kuanzia mbele. Haya yangu nitaandika kuanzia nyuma. Hapa nyumbani hakuna mtu husoma nyuma ya daftari.

Masharti. Mbegu ni bure. Kila mtu apande nusu eka, kwa terasi, kabla mvua haijanyesha. Kwa udongo mkavu! Mwisho ni Jumamosi ya tarehe 20. Asiyepanda, mbegu yake atapewa mwingine, na kozi imemwishia hapo. Tukivuna, fungu moja kati ya matatu linaingia stoo ya kanisa. Asiye na kitu aje achukue hapo, chakula cha hapa hapa, asikae kungoja lori la chifu. Na atakayemaliza vizuri atapewa nyumba kumi za kufundisha.

Mimi wa darasa la tano. Nyumba kumi. Nimeandika tu nione inakaaje.

Jumatano, 3 Oktoba

Leo kamba ya mafundo. Kila fundo, shimo. Kina cha shimo ni vidole vinne. Ati mvua ndogo ya kudanganya haifiki huko chini, mbegu inaendelea kulala mpaka mvua ya kweli iiamshe. Mbinya, jirani yangu, akauliza: na panya akiiamsha mapema? Watu wakacheka. Bwana Nzomo akasema panya wa mwaka huu walishahamia Nairobi kutafuta kazi.

Kaluki alikula udongo. Nikaingiza kidole kumtoa, nikagusa kitu kigumu — jino! Chini, upande wa kushoto. Nilitaka kuambia mtu lakini mwalimu alikuwa kwa somo la mbolea.

Ijumaa, 5 Oktoba

Mama mkwe alisimama kwa laini ya chakula cha chifu tangu asubuhi. Alirudi na mahindi ya njano, yasiyojaa hata kikapu. Tulipika. Akasema yana ladha ya gunia.

Alimpakata mtoto akamlisha uji kwa kidole. Anampenda sana, si kwa sababu yangu, ni kwa sababu ya jina. Ni Kaluki na Kaluki. Huwa anamwambia: "Wa jina wangu, wewe ni mimi. Nikienda mimi, umebaki wewe." Mume wangu naye akija likizo kutoka Mombasa humsalimia mtoto kwa heshima kabisa, "Mwaitu, mama, umeamkaje?", kama anavyomsalimia mama yake. Mtoto anamtemea mate.

Alikuwa amefurahi kwa hivyo nikamwambia habari ya kupanda. Furaha ikaisha.

"Kwa vumbi?"

Nikasema ndio mama, kwa vumbi, lakini chini sana.

"Vumbi ni la kuku kuogea." Akaniuliza kama nimesahau mwezi wa tatu. Sijasahau. Mvua ilinyesha siku mbili, akapanda, ikaenda. Kibuyu kizima cha mbegu, mbegu ya mama yake, kiliisha hivyo. Sasa anataka kwanza mguu wake uzame kwa matope.

Kisha akasema polepole, bila hasira: "Na hili shamba nafungua mimi."

Kwa boma hili hakuna anayetia mbegu kabla yake. Mke wa shemeji yangu mkubwa alijaribu, miaka mitatu sasa, wakatolewa bomani. Leo anauza chai Kambu pale barabarani, yeye na mume na watoto. Krismasi wanakuja asubuhi, jioni wameondoka.

Jumanne, 9 Oktoba

Tumepewa mbegu. Mahindi ya Katumani, yale ya kukomaa upesi, ndengu, kunde, mtama kidogo. Mbinya alinusa ndengu zake akasema, "Hizi na kitunguu, hata mvua singengoja." Bwana Nzomo hakucheka. Akasema atakayekula mbegu atajua, kwa sababu yeye atahesabu mashimo.

Nimezifunga kwa kitambaa nikaweka kwa chungu juu ya moshi. Mama mkwe aliniona. Alipita.

Alhamisi, 11 Oktoba

Asubuhi alikuja mtu kutoka Ikutha, upande wa Kitui. Wifi yangu amekaribia kujifungua na hana mtu. Mama akafunga kitenge, akavaa akala zake za tairi, akabeba kuku mmoja aliyebaki.

Nilimsindikiza hadi kwa njia kubwa. Nikaogopa, nikaogopa, mwishowe nikauliza, "Mama, na shamba?"

"Linangoja."

Basi likaja. Alimbusu mtoto mguuni akapanda.

Jumapili, 14 Oktoba

Barua ya mume wangu imefika. Anauliza jino, anauliza maziwa yanatoka. Ya shamba ni mstari mmoja: nifanye vile mama atasema. Mama hajasema.

Maziwa yanatoka kidogo. Kaluki ananyonya, anaacha, ananiangalia.

Jumanne, 16 Oktoba

Zimebaki siku nne. Wenzangu kumi na mmoja wameshapanda. Mwethya wetu, kikundi cha kusaidiana kazi, mimi na wanawake tisa, tunazunguka shamba kwa shamba na majembe, kwa sababu ng'ombe wamekonda hawawezi kuvuta plau. Ijumaa ni zamu yangu. Nimewaambia wasije. Mbinya akasema anakuja, hata kama ni kukaa kwa kivuli kunihurumia.

Halafu kwa njia akasimama ghafla.

"Wewe mjinga. Shamba linafunguliwa na nani?"

Nikasema na Kaluki.

"Na huyo mgongoni ni nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema mama mkwe mwenyewe, mbele ya watu, kanisani, amesema mara ngapi huyu mtoto ni yeye? Mume wako si humwita mwaitu? Basi mtoto atie mbegu ya kwanza kwa mkono wake. Nani atasema Kaluki hakuanza?

Nimefikiria mchana wote. Ni kweli na si kweli. Kama nikisema ni uongo, ni kama kusema jina halina maana, na jina lina maana. Lakini pia najua mama alimaanisha nini na lile neno lake moja, "linangoja".

Ijumaa, 19 Oktoba

Tumepanda.

Walifika saa moja asubuhi, wote tisa, na kamba. Nikawaambia ngojeni. Nikamketisha Kaluki kwa terasi ya chini, nikachimba shimo, vidole vinne, nikapima mara mbili. Nikamwekea mbegu tatu kwa kiganja. Alizifunga kwa ngumi. Hakutaka kuachilia! Sisi wote tumesimama na majembe, watu wazima, tukingoja. Mbinya akapiga magoti. "Mwaitu, tafadhali, tuna kazi." Mtoto akapeleka mbegu mdomoni mwake mwenyewe. Nikamshika mkono. Mbegu mbili zikaanguka ndani ya shimo, ya tatu ikabaki kwa mate.

Mmoja akasema basi, Kaluki amefungua. Akaanza kuimba. Wengine wakaitikia.

Mimi sikuimba. Nilifunika lile shimo na mguu.

Kufika saa sita terasi nne zilikuwa zimeisha. Ilibaki ya juu, ile iko karibu na nyumba. Ndiyo mama hupanda kwanza kila msimu. Nikawaambia hiyo muiache. Mbinya: "Kwani umegeuka?" Sijageuka. Mkono ulikataa tu.

Walikunywa uji mwembamba, hakuna aliyelalamika. Wamekwenda. Mbegu ya terasi ya juu iko kwa bakuli.

Jumamosi, 20 Oktoba

Bwana Nzomo alikuja na baiskeli. Alitembea terasi zote na kijiti chake akipima. Mashimo mengine si vidole vinne. Ni viwili. Tulipochoka tulichimba juu juu. Aliniuliza kama najua maana yake. Najua: mvua ya kudanganya ikija, hizo zitaota na kufa.

Akafika juu. "Na hii mbona wazi?"

Nikasema ni ya mama mkwe. Akauliza mama mkwe yuko kwa kozi yake? Hapana. Alimwangalia mtoto. Nafikiri naye ana mama. Akasema nusu eka ni nusu eka, yeye hana ruhusa ya kuipunguza, na kuna watu ishirini wanataka nafasi yangu. Atapita tena Jumatatu asubuhi. Akikuta terasi imejaa, ataandika nimemaliza. Akikuta iko hivi, atachukua bakuli.

Nikasema asante. Sijui nilishukuru nini.

Jumapili, 21 Oktoba

Alfajiri ilinyesha. Kama dakika kumi. Vumbi lilinuka vizuri, nikatoka na mtoto tukasimama ndani ya mvua. Kisha jua. Nikaingiza kidole kwa udongo: maji yamefika vidole viwili. Viwili! Si vinne.

Kanisani sikusikia mahubiri. Wanawake walikuwa wanaulizana kwa macho.

Saa tisa. Mama amerudi.

Nilimwona kwa njia, nikatoka kumpokea mzigo. Hakunipa. Alishasikia yote, ni nani alimwambia sijui, kutoka barabara kubwa hadi hapa kuna midomo mingi. Nikauliza habari ya Ikutha. "Mvulana," akasema. Akanipita. Hakuuliza mtoto hata, na mtoto amelala hapa miguuni pangu.

Ameenda moja kwa moja kwa shamba na mzigo kichwani. Mimi nimekaa mlangoni. Naandika ili mikono isikae bure.

Ameweka mzigo chini kwa terasi ya chini kabisa. Amechuchumaa. Anafukua shimo kwa vidole. Ametoa mbegu. Anaiangalia kwa jua, ameitia kwa meno, ameitoa. Ameirudisha. Akafunika, na mguu.

La pili. Ameirudisha.

La tatu amekaa nalo sana. Ni la vidole viwili nafikiri, mbegu imelowa. Anachimba zaidi, kina kinaongezeka, ameitia tena, amefunika.

Nilikuwa nimepanga maneno. Kwamba si mimi, ni Kaluki. Kwamba yeye mwenyewe ndiye alisema. Nikimwona pale amepinda mgongo kwa jua, hayo maneno siwezi kuyatoa mdomoni. Nitasema ni mimi. Nilitaka nyumba kumi na nikaogopa kukosa.

Amepita terasi ya pili, ya tatu, ya nne bila kufukua. Anapima kwa hatua tu. Sasa yuko juu, kwa ile iliyo wazi. Amesimama katikati.

Amevua akala, kama kila akianza kupanda. Moja, nyingine.

Ananiangalia. Amenyoosha mkono huku, kiganja juu. Hajaita jina la mtu. Bakuli liko kushoto kwangu, mtoto kulia, ameamka anapangusa macho. Sijui anataka nini kati ya hivi —

Naenda na vyote viwili.