Tawi la Njia Panda

Alhamisi, Nyakahura. Mvua imeanza kabla hatujaamka na mpaka sasa, saa nane mchana, haijakatika. Mabati ya ukumbi huu wa parokia yanapiga kelele kiasi kwamba huwezi kumsikia mwenzako mpaka umsogelee. Nashukuru. Leo sitaki mtu anisogelee.

Tuko saba. Tumetoka Biharamulo mjini Jumatatu, tunakwenda Ngara mjini, kwa miguu mwanzo mpaka mwisho. Kila mwaka shule zikifungwa tunafunga mizigo yetu na kutembea, na watu wa barabarani hutuuliza kama nauli zimetuishia. Tulishazoea. Ila safari hii tumekwama hapa tangu juzi, na aliyetukwamisha ni mimi, na mpaka dakika hii hakuna anayejua.



Kwa wasiotujua, sisi tuna taratibu zetu. Anayetangulia tunamwita mfungua njia. Kila penye njia panda anakata tawi lenye majani na kulilaza kwenye njia tusiyoifuata. Ukiona tawi limelala, njia hiyo umekatazwa, unafuata nyingine. Wa mwisho kabisa ni mfunga njia, na hakuna anayekula chakula cha mchana kabla hajafika, hata kama uji unapoa. Halafu kila mtu, akifika njia panda, anasimama na kutazama nyuma mpaka amwone anayemfuata. Akishaonekana, unampungia mkono, naye anakupungia, unaendelea.

Na kila asubuhi tunabadilishana mizigo kidogo. Unabeba kitu kimoja cha mwenzako, yeye anabeba kimoja chako. Huruhusiwi kukifungua wala kukitumia bila yeye kuwepo. Aliyebuni jambo hili ni Deo, afisa mifugo, ndiye kiongozi wetu. Alisema ukibeba kitu cha mtu huwezi kumwacha porini.

Nilimwacha.

Ninayemsema ni Mama Leokadia, mkulima wa Nyabusozi, mama wa makamo aliyeanza kutembea nasi mwaka jana. Alizaliwa Ngara. Alipoolewa kuja huku alikuja kwa miguu na shangazi zake, na sanduku lake likabebwa kwenye baiskeli. Siku ya kwanza ya safari hii tulitembea pamoja tangu asubuhi, akanieleza kwa nini amekuja. Mama yake mzazi, akiwa na umri kama huu wake, alianza kusahau. Alianza na majina ya wajukuu, ikaja njia ya kisimani, mwisho akawa anamwamkia bintiye mwenyewe shikamoo. Mama Leokadia anaogopa yasije yakamkuta yeye. Anataka airudie ile njia ya harusi yake, kwa miguu yake, wakati bado anaikumbuka.

Aliniambia mimi peke yangu. Akanishika mkono akasema wengine wasijue, wataanza kumchunga kama mtoto.

Sasa Jumanne. Yeye alikuwa mfunga njia, mimi nilikuwa mbele yake tu, yaani mimi ndiye wa kumtazamia kila njia panda. Nilikuwa na sweta lake la zambarau kwenye begi langu. Yeye alikuwa na chupa yangu ya uji.

Niseme ukweli wote, maana nusu yake haina maana. Nilikuwa nimemchoka. Anatembea polepole, anasimama kusalimia kila mwenye jembe, na ile habari ya sanduku kwenye baiskeli alikuwa amenihadithia mara ya tatu. Mara ya tatu! Na mimi, mwalimu mzima, badala ya kusikia hofu iliyokuwa ndani ya kurudia kule, nilisikia kero tu. Mbele nilikuwa nasikia wenzangu wanacheka. Hamisi, fundi baiskeli wetu, akianza vituko vyake hata ukiwa na malengelenge unasahau. Nilitaka kuwa kule.

Nikafika penye njia panda. Kulia ni barabara ya vumbi tuliyokuwa tukiifuata. Kushoto ni njia ya warina asali inayoingia msituni. Hamisi ndiye aliyekuwa mfungua njia siku hiyo, na tawi lake lilikuwa limelala vizuri kushoto, kubwa, lina majani mabichi.

Kulia, hatua chache mbele, Fuso la mahindi lilikuwa limeharibika. Tandiboi wake, yule msaidizi wa dereva, alikuwa anatafuta majani ya kuweka nyuma ya gari, kama wanavyofanya madereva wote gari likizima. Akaliona tawi la Hamisi. Akaliburuta kutoka kushoto, akalilaza kulia, katikati ya barabara.

Nilimwona kwa macho yangu haya. Tena nilisalimiana naye.

Nikawaza, nimngoje Mama Leokadia hapa hapa. Nikawaza, au nikate tawi jingine nilirudishe kushoto. Nikatazama nyuma, sikumwona. Nikajiambia si Fuso lenyewe lipo, hata mtoto ataelewa tawi ni la gari. Nikaliruka, nikakaza mwendo kuwafuata waliokuwa wanacheka.

Fuso lilitengenezwa likaondoka. Madereva hawaondoi majani yao, kila mtu anajua. Mama Leokadia alipofika alikuta hakuna gari wala mtu. Kulia pamelala tawi, kushoto kweupe. Akafuata utaratibu wetu kama tulivyomfundisha. Akaingia msituni.

Tulipoona hafiki kwenye chakula, Deo na Hamisi walirudi mpaka njia panda. Walikuta kundi la mbuzi na vijiti vitupu vimetawanyika, majani yote yameliwa. Tulimtafuta mpaka giza likatuzuia. Usiku ule sikulala, sweta lake nimelikumbatia, nikisema akipatikana mzima nitasema kila kitu.

Amepatikana mzima. Sijasema.

Warina asali walimkuta jana asubuhi kwenye kibanda chao, amekaa, viatu amevivua na kuvipanga. Wakamleta hapa kwa baiskeli. Hana jeraha zaidi ya miguu kuvimba kidogo na baridi. Alipotuona tu akafungua begi lake na kunipa chupa yangu. Ilikuwa imejaa. Uji ulikuwa umechacha, ukitikisa unausikia unatokota. Deo akamuuliza, ina maana hukula kitu tangu jana? Akasema alikunywa maji ya kijito. Uji ni wa Mwalimu.

Looh! Natamani angenipiga nayo kichwani.

Jana jioni tulikaa kikao. Deo si mtu mbaya, ila alikuwa ameogopa sana, na mtu aliyeogopa anahukumu haraka. Mama Leokadia akaeleza kuwa tawi lilikuwa kulia. Hamisi akaapa aliliweka kushoto, na ni kweli aliliweka. Wengine wanne waliopita wakasema waliliona kushoto, na ni kweli waliliona. Wote wakasema kweli tupu. Nikabaki mimi.

Mama Leokadia akanigeukia. Hakuwa ananishitaki, alikuwa anaomba msaada.

“Mwalimu, pale njia panda ulinisubiri?”

“Nilikusubiri, mama. Ukaniona, ukanipungia mkono.”

Yametoka mdomoni mwangu laini, bila hata kukwama. Sijui niseme nini juu yake. Watoto darasani nikiwauliza nani kavunja dirisha wananidanganya vibaya kuliko nilivyodanganya mimi.

Akatazama viganja vyake, akavigeuza huku na huku.

“Mbona sikumbuki,” akasema.

Kama kuna mtu amewahi kuona uso wa mtu anayekutana na kile anachokiogopa kuliko vyote, ataelewa kwa nini nimeshindwa kula tangu jana. Na mimi peke yangu mle ndani nilijua anaogopa nini. Mimi peke yangu!

Deo akaamua kwamba kesho Ijumaa Mama Leokadia atapanda basi arudi nyumbani. Akamwambia kwa heshima zote, kwamba wanampenda, kwamba ni kwa usalama wake, kwamba wanawe watatulaumu. Hakubisha. Mwaka jana alibishana na Deo nusu siku juu ya nani abebe sufuria. Jana aliitikia tu, “Sawa baba,” kama mgonjwa.

Leo tangu asubuhi amekaa kwenye benchi la nyuma anahesabu kitu kwa vidole. Nilipita karibu nikamsikia. Anataja majina ya wajukuu wake, mmoja mmoja, halafu anaanza upya.

Nimejaribu kujitetea, sikatai. Nimejiambia hata nikisema, miguu yake imevimba, basi atalipanda tu. Nimejiambia watanikataza kutembea nao, na hawa ndio marafiki nilio nao, tangu nihamishiwe Biharamulo sikuwahi kupata wengine. Hilo la pili ndilo la kweli. Ninaogopa kubaki peke yangu kuliko ninavyoona aibu.

Ila nimemfanya mtu mwenye akili timamu aamini kuwa akili zake zinamtoka.

Wenzangu, najua mnasoma blogu hii, hata wewe Hamisi unayejifanya husomi. Nikibonyeza tu, mtandao ukikubali kwenye mvua hii, mtajua wote kabla ya chakula cha jioni. Ingekuwa rahisi. Ningefunika kichwa na kitenge mkasoma. Lakini Mama Leokadia simu yake ni ya kitochi, haisomi haya. Angekuwa wa mwisho kujua, na angeyasikia kwa mdomo wa mwingine.

Kwa hiyo ngoja kwanza. Nakwenda benchi la nyuma.

*

Saa kumi na moja. Nimerudi.

Nimemsomea yote, hata pale niliposema nilimchoka. Nilitaka kuparuka pale, nikaona ndiyo tabia ile ile. Mvua ilikuwa inapiga, ikabidi nimsogelee mpaka sikioni. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema nirudie pale penye tawi. Nikarudia. Akasema nirudie tena. Nikamsomea mara ya tatu, tandiboi, kushoto, kulia, katikati ya barabara.

“Kwa hiyo lilikuwepo,” akasema.

“Lilikuwepo, mama.”

“Na mkono sikukupungia.”

“Hukunipungia. Sikuwepo.”

Akafumba macho akavuta pumzi, nikaona mabega yake yanashuka. Halafu akaniambia nimwite Deo na wengine, nisome mbele yao. Nimesoma. Hamisi alitoka nje kwenye mvua. Deo aliuliza miguu inaendeleaje, Mama Leokadia akamjibu kwa Kihangaza, lugha ya kwao Ngara, kitu ambacho sikukielewa, na Deo akacheka kwa aibu na kusema basi hakuna habari ya basi tena.

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alinyoosha mkono akasema nimpe sweta lake, kesho atalibeba mwenyewe.

Nimempa.

Tunaondoka alfajiri, saba wote. Mfungua njia ni Mama Leokadia, ameomba mwenyewe na hakuna aliyepinga. Mfunga njia ni mimi. Begi langu nimeshalifunga, na ni jepesi, maana hakuna aliyenipa kitu chake nimbebee.