Faili la Majina na Flashi Yako Nyekundu

Kaka Evarist,

Naiandika hii hadharani kwa sababu nilikushtaki mbele ya watu.

Miaka ile wakimbizi wakivuka ziwa kila wiki, ofisi yetu ya Rusimbi ilikuombea kibali cha kutoka kambini uje ututengenezee programu ya kutafutia ndugu waliopotezana. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kompyuta, nikajikabidhi na kazi ya kukulinda wewe. Ukienda chooni nilihesabu nyaya. Mama yangu aliponiletea samaki wa migebuka mchana, mkaanza kucheka, yeye kwa Kiha na wewe kwa Kirundi, nikajua mnanisema. "Huyu ni mwenetu," mama akasema. Moyoni nikasema, tapeli gani hajawahi kuchekesha mama wa mtu?

Siku ya kwanza nilikupa sharti: "Usiweke kitu chako kwenye mashine ya ofisi."

"Hata mafaili ya kazi, dada?"

"Hata hayo."

Ukaitikia, "Ego," yaani ndiyo, ukachomeka flashi yako nyekundu na kufanyia kazi humo. Kila Ijumaa nilinakili kazi yako kwenye kompyuta, baada ya kuikagua.

Kisha malaria ikakulaza kambini, flashi ukiwa nayo, na wakubwa wakataka kuiona programu. Nikaijenga mbele yao. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yako kuwa programu, ikagoma: faili la majina halipo. Halipo vipi, nami naliona kwa macho yangu kwenye folda? Nikaamini umeitega ikutii wewe tu. "Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia bosi. Wiki hiyohiyo kibali chako kikafutwa.

Ilinichukua siku kumi kuufikia mstari mmoja mfupi ambao sikuwahi kuukagua, ule unaoielekeza kompaila pa kutafutia mafaili. Ulielekeza kwenye flashi yako. Ungeelekeza wapi kwingine, kaka, nami nilikukataza kwingine kote? Kompaila ilikwenda ilikotumwa, ikakuta hakuna kitu. Nikaandika njia ya folda ya ofisi, programu ikajijenga bila neno.

Jina la kwanza kwenye orodha ya wanaotafuta ndugu lilikuwa lako. Ulikuwa unamtafuta mama yako.

Nilikuja kambini na bosi kukuomba radhi. Jirani yako akatuambia uliondoka bila kuaga. Niliona haya, na bado naona haya.

Mwezi uliofuata boti ilishusha watu, nikaingiza majina yao, na programu yako ikamwonyesha mama yako. Nilimhoji mara tatu kama kweli ni yeye. Ugonjwa wangu wa kushuku haujapona. Mara ya tatu alikasirika, akanitajia kovu la kidole chako ulilonisimulia. Hapana, nasema uongo: alinisimulia yeye. Mimi sikuwahi kukuuliza lolote.

Yuko kwetu. Anakula migebuka na mama, wanacheka, na sasa najua hawanisemi mimi. Kila jioni ananiuliza kama umeonekana.

Orodha nimeigeuza, kaka. Anayetafutwa sasa ni wewe.

Rudi umchukue mama.

Dada yako wa Rusimbi, aliyekukagua kila kitu