Nilivyoulizwa Juu ya Shija

Kaoze
12 Machi 2023

Mwanangu Kasmir,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima, ila mvua imezidi na mguu wa baba yenu bado unamsumbua. Je, huko chuo cha maofisa unakula? Mimi nasema, mdogo wenu Fortunata anaandika.

Miaka minne uliyokaa kwetu, baba yako mzazi, Mwalimu, alipohamishiwa Laela akakuacha umalize shule, nilizoea kusonga ugali wa vijana wawili. Mpaka leo nakosea kipimo.

Mwanangu, Shija wangu hana raha. Ule usaili wenu wa jeshi kule Sumbawanga, kwenye mbio alikuwa wa kwanza, shahada anayo kama wewe. Kisha wakaandika kwamba si mkazi wa Rukwa. Amezaliwa hapahapa Kaoze! Wewe sasa uko ndani, tuulizie kosa liko wapi. Mwisho wa kuomba ni miaka ishirini na sita, naye Agosti anatimiza ishirini na saba.

Mama yako

2 Aprili 2023

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, mazoezi ni magumu lakini nakula. Mpe baba pole ya mguu. Kuhusu Shija, sisi wageni huku haturuhusiwi kuuliza mambo ya ofisi. Nitajaribu. Mwambie avute subira.

Mwanao Kasmir

Kaoze
20 Juni 2023

Mwanangu,

Hatujambo. Umekuwa kimya, tunaomba iwe ni kazi tu.

Nafasi zimetangazwa tena. Shija hataki kwenda. Anasema, "Mama, wataniuliza tena kabila langu, halafu watanitazama." Kuna mtu aliwaambia sisi si wa hapa. Nani, sijui. Wafipa wa hapa tumezikana nao, tumelima nao, sijawahi kusikia neno hilo.

Andika hata mistari miwili kwamba unamjua Shija. Wewe ni Mfipa, watakusikia. Mwisho ni Julai.

Mama yako

17 Septemba 2023

Shikamoo Mama,

Natumaini mko salama. Simu ninayo sasa, ila sauti yako siiwezi, ndiyo maana naandika.

Mtu unayemtafuta ni mimi.

Siku ile ya usaili tulibaki wawili kwa nafasi moja. Afande alieleza kwamba nafasi ni za vijana wa Rukwa, jeshi lipate maofisa wa kila pembe, wa kila kabila. Sikuona ubaya wake. Lakini muhuri wa barua ya kijiji ya Shija ulikuwa hausomeki, basi akaniita mimi. "Umesoma naye. Huyu ni mtu wa kwenu?"

Nikasema, "Hapana, Afande. Ni Msukuma. Wanapita tu na ng'ombe wao."

Hakuna aliyenilazimisha. Nilijua nikisema ndiyo, anachukuliwa yeye. Shija alikuwa nje ya mlango, amenishikia koti.

Barua yako ya Juni ilifika mapema. Niliiweka chini ya godoro mpaka Agosti ikapita. Hilo ndilo linalonikaba zaidi.

Mwanao Kasmir

Kaoze
8 Oktoba 2023

Kasmir,

Marahaba. Sisi wazima.

Nilimwambia Fortunata airudie, nikidhani amesoma vibaya. Shija alikuwepo. Alisema, "Kumbe ndiyo maana hakunitazama njia nzima ya kurudi." Akatoka, akaenda malishoni.

Ulilolisema mbele ya wakubwa umeniletea mimi la nini? Mimi niliamua nini? Kalirudishe kulekule.

Mama Shija

Laela
3 Februari 2024

Shikamoo Mama,

Naomba barua hii iwakute salama, na mguu wa baba uwe umepoa.

Nililirudisha. Mkuu wa chuo alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa nini sasa?" Nimeondolewa kwa kusema uongo kwenye usaili. Niliomba nafasi apewe Shija. Wakasema umri umempita, hawawezi.

Niko kwa Mwalimu, nawapimia mahindi wanunuzi. Amenipa chumba, hajaniuliza kitu. Nimefika mpaka Sumbawanga mara mbili nije kwenu, nikageuza. Sina uso.

Hapa watu hawajui. Wanadhani niko likizo. Kila asubuhi nikipita stendi wananiita Afande, nami naitika.

Kasmir