Ishirini na Moja ya Kwenye Foleni

Nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti la kushoto limepata nafuu sasa kwa kuwa hulali tena chini ya magari ya watu kutwa nzima. Sisi hapa hatujambo. Mama bado anashona, na meza ya kulia imegeuka kuwa ya vitambaa. Bibi anasikia vizuri anapotaka. Asipotaka anasingizia masikio. Lakini geti likilia tu, anauliza kama ni mwanawe amerudi, nasi tunamwambia ni upepo.

Najua unashangaa kuuona mwandiko wangu. Miezi minane imepita tangu ufunge gereji na kuondoka bila kuaga, na muda wote huo sikukuandikia hata mstari mmoja. Nilikuwa na jambo moja tu la kukuambia, na nilikuwa naliogopa.

Ni habari ya pikapu ya Baba na vifaranga waliokufa. Wewe uliisikia nusu yake, tena ile nusu niliyoipanga mimi. Niruhusu niieleze yote.

Ulikuwa umembadilishia Baba bampa ya mbele baada ya kugonga nguzo. Wiki tatu baadaye nilimsindikiza kupeleka vifaranga wa siku moja. Tuliondoka alfajiri, na ile namba ndogo ya kwenye dashibodi inayoonyesha joto la nje ikasoma ishirini na moja. Saa tatu tukakwama kwenye foleni ya daraja lililokuwa likitengenezwa. Tulikaa pale hadi saa saba mchana, tukisogea hatua mbili na kusimama tena.

Unaijua desturi ya Baba. Hushuka, huachia hewa ipite mgongoni mwa mkono wake, ndipo huamua turubai za pembeni zikunjwe au zibaki chini. Siku ile alishuka mara tatu. Mara ya kwanza alirudi akasema nje kunachoma, tukunje turubai vifaranga wapate hewa. Mimi nilikuwa nimekaa ndani, vioo juu, kiyoyozi kinanipuliza usoni. Sikushusha hata mguu mmoja. Nilimwonyesha dashibodi: ishirini na moja. Nikamweleza kwamba kifaranga wa umri ule anataka zaidi ya nyuzi thelathini, na kwamba akikunja turubai baridi itawamaliza.

“Mkono wangu unasema vingine, mwanangu,” akaniambia.

“Baba, mkono hauna namba.”

Alicheka. Akawaambia madereva waliokuwa wamesimama kando kwamba alilipa ada mtoto asome, sasa anasomeshwa yeye bure. Wakacheka wote, na turubai zikabaki chini. Nilijisikia fahari, Mjomba. Mara ya tatu alirudi akasema vifaranga wamenyamaza. Nikamjibu kwamba wamepata joto la kutosha, wamelala.

Tulipofika kwa mteja wa kwanza, makasha manne kati ya sita hayakuwa na sauti hata moja. Baba aliyafungua, akayafunga, akayafungua tena, kana kwamba mara ya pili angekuta kitu kingine.

Jioni ile, mbele ya Mama na Bibi, nikasema kwamba kipimajoto kimeharibika, na aliyekigusa mara ya mwisho ni wewe. Nilisema taratibu, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Kesho yake Baba akaja gerejini akakuita fundi wa kubahatisha, wateja wako wakisikia. Wewe hukugomba. Ulisema tu kwamba sensa, kile kihisi cha joto kilicho nyuma ya bampa, uliirudisha mahali pake. Mimi nilikuwa mlangoni, na badala ya kukutazama nilitazama viatu vyangu.

Alhamisi iliyopita pikapu ilikuwa nyumbani, nikachukua spana ulizoziacha stoo na kuifungua ile bampa. Nimehangaika nayo asubuhi nzima, kucha mbili zimevunjika, ungenicheka. Sensa nimeikuta mbele ya rejeta, kidude kidogo kama punje ya maharage, imekaa kwenye kishikio chake. Waya wake umefungwa kwa ule uzi wa bluu unaoutumia kufungia kazi zako zote, mafundo mawili, ncha zimekatwa sawa. Haikuwa imelegea hata kidogo.

Nikakisoma kitabu cha gari, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa msomi kweli. Kumbe sensa imewekwa pale mbele ili ipate hewa ya barabarani. Gari likisimama, joto la injini na la lami hupanda mpaka pale na kuidanganya. Kwa hiyo waundaji wameifundisha kompyuta ya gari isiamini joto linalopanda mpaka gari litembee kwa mwendo mzuri dakika kadhaa. Baridi huiamini papo hapo. Joto hulisubiri, na wakati inasubiri huendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyoiamini.

Ile ishirini na moja ilikuwa ya asubuhi. Sisi tuliisoma saa sita mchana. Chombo hakikukosea, na wewe hukukosea.

Sasa lile ninaloliogopa. Tulipolivuka daraja, gari likashika mwendo, na namba ikaanza kupanda mbele ya macho yangu. Ishirini na mbili, ishirini na tano, ishirini na tisa. Tulipofika kwa mteja ilisoma thelathini na nne. Baba alikuwa anaangalia barabara. Niliyeiona ni mimi peke yangu. Kitu kilichoharibika hakipandi hivyo, moja baada ya moja. Sikujua sababu yake, lakini nilijua hakijafa. Jioni ile, nikitamka jina lako, nilikuwa ninajua. Nilikupa mzigo wangu kwa sababu wewe si mtu wa kelele, na kwa sababu nisingeweza kuvumilia Baba aache kujivunia kusoma kwangu.

Nimemweleza Baba yote, palepale uani, bampa ikiwa chini kati yetu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alichuchumaa, akaushika ule uzi wa bluu kwa muda mrefu, kisha akasema, “Shemeji hakunijibu hata neno baya.” Akaingia ndani.

Nilitaka kuirudisha bampa, akanikataza. Fundi wa jirani alijitolea, naye akakataliwa. Sasa pikapu inazunguka mjini uso wazi, na wateja wameipa jina, wanaiita Kibogoyo. Wanamuuliza Baba lini atamtia meno. Anawajibu kwamba mwenye kumtia meno yuko safarini, na mwingine haruhusiwi kumgusa. Bampa yenyewe ameiegemeza ukumbini karibu na kiti chako, Mama anaikwepa kila akipita na vitambaa vyake.

Sikuombi urudi kwa ajili yangu. Ninachokuomba ni kunisamehe, na kama bado huwezi, basi mwandikie Baba walau mistari miwili, maana yeye hajui pa kuanzia na kosa si lake.

Mama anakusalimu sana, anasema shati lako la kijivu amelirekebisha kola. Bibi anakusalimu na kukuombea. Jana geti lilipolia nilishindwa kumwambia ni upepo. Nilikwenda kutazama kweli.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na kazi ya heshima inayolingana na mikono yako.

Mpwa wako akupendaye na anayejutia,
yule uliyekuwa ukimwita Bi Vipimo.