Mrehani wa Pembeni

Langoni, Lamu

Kwa Kaka yangu mpenzi Swafwan,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe, wifi na watoto. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu Mama atutoke. Najua utacheka: barua, zama hizi za simu? Kwenye simu hunikatiza, Kaka. Karatasi utaisoma mpaka mwisho.

Mnunuzi uliyempata alikuja na fundi wake. Walipima uwani, na fundi akatia alama ya chokaa pembeni, pale penye mrehani wa Mama, akasema ndipo kitakapochimbwa kidimbwi cha kuogelea. Wanangoja saini yako tu. Sikupinga. Nilichotaka ni kuokoa mbegu.

Unakumbuka Mama alivyokuwa. Mirehani mingine yote tuliruhusiwa kuchuma. Vikuba vya harusi za mtaa mzima, vile vishada vya asumini na rehani wavaavyo wanawake, vilitoka kwetu. Ule wa pembeni, nani angethubutu? Aliuacha ukauke wenyewe, akapukusa mbegu viganjani, akapuliza makapi, akazirudisha palepale. Ulipoukanyaga utotoni alikuchapa, kisha yeye ndiye aliyelia. Sisi tukidhani ni choyo cha maua.

Basi nilizipukusa kama yeye, nikazipanda kwenye mikebe ya siagi. Mwalimu Gakii, mpangaji wetu mpya wa juu, mtu wa Meru, alinisaidia kuchekecha udongo. Hazikuota. Tukarudia, zikachipua, zikanyauka kabla ya jani la pili. Na kule pembeni, ambako hakuna aliyemwagia maji tangu msiba, miche ilijitokeza yenyewe, imesongamana mahali padogo, urefu wa dhiraa moja tu. Nje ya hapo hapakuota kitu. Gakii alisema mbegu hudondoka zikaota, si ajabu. Nami nikasema si ajabu. Lakini tangu siku ile haketi tena uwani.

Kosa langu nililifanya kwenye harusi ya Tima, binti wa jirani. Asumini nilikuwa nayo, rehani sina, nikachuma ya pembeni nikafunga kikuba. Kaka, harufu ile haikuniondoka. Nilioga, nikafua, nikafukiza udi, ipo. Kila asubuhi nikienda kufagia huikuta imenitangulia, na nikiinama pale naona haya kama niliyeingia chumba cha mtu bila kupiga hodi. Naogopa, sikufichi.

Nikaamua kuing'oa ile miche yote na udongo wake, niihamishie kwa shangazi, Bi Mwanatumu. Nilikuwa nimeshainua jembe alipoingia mwenyewe. Alinishika mkono, akaniambia, “Usitimbe hapo, mwanangu. Hapo pana mtu.”

Alinikalisha akanieleza, naye analia. Kaka, hukuzaliwa peke yako. Mlikuwa wawili. Wewe ulilia, mwenzio hakulia. Wazee wakamzungushia kitambaa cheupe wakamlaza uwani, awe karibu na mamake. Bi Mwanatumu ndiye aliyembeba. Walimkataza Mama kumpa jina, asije mwenzio akakuita umfuate. Akampa kimyakimya: Ridhwani. Akampandia mrehani, kama tufanyavyo makaburini, na kwa kuwa mrehani hauishi sana, aliuotesha upya kwa mbegu zake mwenyewe mpaka alipokufa. Ile salamu aliyokuwa akiitoa asubuhi akimwagia maji, tukidhani anawaamkia majirani, ilikuwa yake Ridhwani. Hakukwambia, maana hakutaka ukue na kilio cha mtu usiyemjua.

Sasa namwagia mimi, na salamu naitoa mimi. Harufu haijaondoka. Leo imefika kwenye chumba chako cha zamani.

Sikukatazi kuuza, Kaka. Siku zote nimesema mkubwa wetu ni wewe, na neno ni lako. Lakini Bi Mwanatumu asema Ridhwani ndiye aliyetangulia kutoka tumboni. Na ukitia saini, jembe la fundi litamfikia.

Ndani ya bahasha nimekutilia mbegu kidogo. Jaribu kuziotesha, huenda kwako zikakubali.

Nibusie watoto, na wifi mwambie namkumbuka. Hapa wakusalimu sana Bi Mwanatumu, na Mwalimu Gakii, na Ridhwani.

Dadako,
Mardhiya