Sasa Ninaimba Sauti ya Nne

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka hapa Kayole nikiwa na moyo mwepesi. Goti lako linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Mvua imewafikia, au bado mnachimba mchanga wa mto mkitafuta maji? Sisi tu wazima. Mjukuu wako Mwende ameng'oka meno ya mbele na sasa anacheka akiwa ameziba mdomo.

Leo nilikuwa nikiambua mbaazi mlangoni nikakumbuka jiko lako. Ulikuwa ukianzisha wimbo ukiwa ndani ya moshi, nami nakuitikia nikiwa nje na karai. Ulinifundisha sauti ya kwanza, ile ya juu, kabla sijajua kusoma. Kila Jumapili tulivuka ule mto mkavu kwenda kanisani, viatu mkononi, tukiimba mpaka ng'ambo. Hapa kwenye ghorofa kila mlango una redio yake, lakini mama, hakuna inayoimba kama lile jiko.

Unakumbuka ule uvimbe wa shingo, jinsi ulivyoniombea sana. Daktari aliutoa vizuri na kidonda kikapona. Jambo ambalo hukuambiwa ni kwamba niliamka pale hospitalini sina sauti. Ilirudi polepole, ila si ile unayoijua. Ilirudi nzito, ya kukwaruza, kama ya mzee mwenye mafua.

Mitumba huuzwa kwa mdomo, nami nikawa nakaa kimya kando ya nguo zangu, wateja wakipita. Nyumbani nilimjibu mume wangu Mutua kwa kutikisa kichwa, mpaka naye akazoea kunyamaza. Kanisani niliacha kwenda. Watu waliniuliza, "Si ulipona?" Nilimuuliza Mungu kwa nini aliponya shingo akaniacha mimi.

Kisha akaja Mama Nekesa, jirani yetu mwenyeji wa Bungoma, anayeongoza kwaya. Hakuanza na maombi. Alikunja mikono ya blauzi, akaosha vyombo vilivyokuwa vimelala kwenye karai, ndipo akakaa.

"Mama Mwende, umejificha wapi?"

Nikamjibu kwa ile sauti yangu. Nilitaka aisikie aondoke. Hakuondoka. Alinitazama, machozi yakamlengalenga.

"Sisi tuliombea shingo tu," akasema. "Tukasahau kuna mwenyewe."

Siku hiyo aliniombea usingizi wangu, biashara yangu, meza yangu na Mutua, na hofu ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Aliomba taratibu, akitaja kitu kimoja kimoja kama mtu anayefagia chumba hadi pembeni. Nililia, mama, na kilio chenyewe kilikuwa kizito vilevile. Mutua aliporudi kutoka kazini nilimweleza yote kwa mdomo wangu. Alisema, "Nilidhani umenichoka." Tuliongea mpaka chakula kikapoa.

Nikarudi kwaya. Nilijaribu sauti ya kwanza, ikatoka hewa tupu. Wasichana wakainamisha macho. Mama Nekesa akasema, "Shuka." Nikashuka. "Shuka tena." Nilipita ya pili, nikapita ya tatu, na kule chini kabisa, kwenye ya nne ya wanaume, nikakuta sauti imekaa, nene na safi, inanisubiri. Mutua, ambaye huimba huko, akasogea akanipa nafasi. Tangu tuoane sikuwahi kuimba nikiwa kando yake. Sasa hapo ndipo mahali pangu, na hata sokoni wateja hugeuka wakisikia sauti nzito ikiita, wakimwona mwanamke hucheka na kununua.

Ile sauti ya zamani bado naililia, siku nyingine. Nilitamani tuimbe tena kama zamani, mimi na wewe. Lakini usingizi umerudi, na nyumbani kuna maneno tena, na nikiomba sioni kama nimeachwa nje.

Msalimie shangazi anayekusaidia shambani, na kaka Kioko, mwambie mbuzi wake tunamkumbuka hasa siku za sikukuu. Mpe pole mzee wa kanisa kwa kufiwa na mkewe.

Najua umekuwa ukishangaa kwa nini Mutua tu ndiye anayekupigia simu. Nilitaka usome haya kwanza. Jumapili baada ya ibada nitakupigia mwenyewe. Ukisikia sauti ya mwanamume asiyejulikana inakuita Mwaitu, usikate. Anzisha wimbo wowote, nami nitakuja chini yako.

Ni mimi binti yako,
Kanini